Chupa Iliyojaa Hadi Shingoni

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mtafiti wa samaki alifungua kabati namba nne, akakuta chupa haina samaki. Spiriti ilikuwemo, hadi shingoni. Lebo ilikuwemo. Samaki hakuna.

Alikuwa mmoja tu: mweusi, urefu wa kiganja, kavuliwa mita mia tisa chini, ubavuni mwa mlima ulio chini ya bahari. Hakuna aliyewahi kumpa jina. Saa sita mchana baraza la uvuvi lingeamua kama mlima ule ufungwe, meli za nyavu zisivue tena hapo, na bila samaki mkononi lisingesikiliza maneno matupu.

Mpelelezi alifika saa tatu. Walimwita Kobe, kwa mwendo wake. Wa kwanza kubanwa alikuwa wakala wa meli, aliyeonekana jana akizungukazunguka koridoni.

"Ulifuata nini?"

"Kumwomba Dokta tuelewane. Afande, mimi samaki namjua akiwa kwenye sahani."

"Ufunguo ulipewa na nani?"

"Ufunguo! Humu hata chai sipewi."

Msafishaji naye aliapa: jana saa kumi na moja jioni alipiga deki, akaondoka. "Dawa hizo zinanitoa machozi, mjomba. Nifungue chupa ili iweje?"

Kobe akarudi kwenye chupa. Akaitazama mpaka mtafiti akaishiwa subira.

"Dokta, samaki wako alikuwa mnene?"

"Kama ngumi yako."

"Ukitoa jiwe ndooni, maji hushuka. Haya mbona hayakushuka?"

Mtafiti akageuka polepole kumtazama Mama Chupa, mtunza kabati, aliyekuwa amesimama nyuma yao, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hajaacha chupa ipungue hata upana wa kidole.

"Mwizi huiba akakimbia," Kobe akasema. "Huyu kaiba, halafu kaongeza spiriti, lebo isikauke. Mkono ukizoea hauulizi, mama."

Mama Chupa akaketi. "Mkwe wangu yuko kwenye meli ya huyu wakala. Wajukuu wanne, mwanangu. Mlima ukifungwa, watakula lebo?"

"Samaki yuko wapi?"

"Nilimchoma kwenye tanuru la taka. Jana, baada ya deki."

"Ungeniambia, dada," mtafiti akasema. "Ungeniambia tu."

"Ningekwambia, ungefanyaje?"

Mtafiti akafunga kabati namba nne.

"Basi atavuliwa mwingine," Kobe akasema, ili mradi aseme.

Wakala, aliyekuwa bado kwenye benchi kando ya mlango, aliinua macho kutoka kwenye simu yake. "Avuliwe wapi? Safari tatu sasa wavu unapanda na matope. Mlima tumeukwangua wote. Ujumbe ndio huu umeingia: meli imeuzwa, mabaharia wameachishwa kazi."

"Na mkwe wangu?"

"Wote, mama."

Kobe akafungua mlango, akamsubiri. Mama Chupa akatoa simu ampigie binti yake, ila hakujua aanze na lipi.