Kufuli ya Mugeta

Mahali penye pamba, harufu ya kitu kinachochomwa haichekwi. Ndiyo maana siku ile, saa tano asubuhi, watu wa kiwanda cha kuchambulia pamba pale nje ya Bunda waliacha kazi wote kwa mpigo wakaanza kunusa kama mbwa. Ilikuwa harufu ya kiazi kitamu kinachochomwa, tena kimekaribia kuiva, ganda limeanza kuungua. Walipekua marobota, wakapekua stoo, wakapekua hata mifuko ya akina mama wanaofagia. Moto hakuna. Kiazi hakuna.

"Inatoka kwenye presi," alisema Faustine, fundi mkongwe kuliko wote. "Presi ya zamani."

Kila mtu alirudi kazini haraka kuliko alivyotoka, na hilo ndilo lililomtia shaka Hyasinta.

Hyasinta alikuwa mhandisi, mgeni, wiki yake ya tatu. Kazi yake haikuwa kutengeneza kilichoharibika, hiyo ni ya mafundi. Yeye aliajiriwa ajue mashine gani itakufa kabla haijafa. Alitembea na kidude cha kubandika kwenye mota kupima mtetemo, na kingine kama bastola cha kupima joto, na daftari lenye habari za kila beringi iliyowahi kuvunjika. Mafundi walimwita Mpiga Ramli, naye hakununa. Alijipaka mafuta ya nazi kichwani mpaka unajua amepita mahali kabla hujamwona. Alikuwa na mume anayeishi Bweri, kule Musoma, na binti wa miaka sita, Miriamu, aliyeahidiwa mama kila Jumamosi. Na alikuwa na mkono mwepesi. Karatasi ikiwekwa mbele yake ilisainiwa kabla aliyeileta hajashusha mkono. Watu wa ofisini wanawapendaga sana watu wa namna hiyo.

Siku nne kabla ya harufu ya kiazi, Hyasinta alikata kufuli.

Pale kiwandani kila fundi ana kufuli nyekundu yenye jina lake na ufunguo mmoja tu. Akitaka kuingia ndani ya mashine, anazima swichi, anaifunga swichi kwa kufuli yake, anatia ufunguo mfukoni, ndipo anaingia. Kufuli ikining'inia, maana yake mtu yumo ndani. Haifungui mwingine, hata awe meneja. Na kwenye swichi ya presi ya zamani, ile ya kushindilia pamba iwe robota, kufuli ya Mugeta ilikuwa imening'inia misimu miwili.

Mugeta wa Nyamuswa alikuwa ndani ya presi hiyo akibadilisha beringi, akakuta waliyompa siyo saizi yake. Akatoka, akadandia bodaboda kufuata nyingine Musoma. Alimwambia Faustine, "Mtu asiguse, narudi sasa hivi." Alikuwa ameacha hata kiazi chake juu ya bomba la moto, mahali alipokichomaga kila siku kwa kuiba. Hakufika Kiabakari. Lori lilimkuta njiani. Wakamzika kwao, wakalia, wakala, wakarudi kazini. Kufuli ikabaki, na watu wakajifunza kupita mbali nayo bila kuambiana.

Mwaka huu pamba ilikuwa nyingi, na kipimo cha Hyasinta kikasema presi mpya haitamaliza mwezi. Ilibidi ya zamani iamshwe. Kwa kazi ya kuondoa kufuli ya mtu mwingine kuna fomu yenye maswali matatu. Mwenye kufuli yumo ndani? Umemwita kwa jina? Umemjulisha kwamba kufuli yake imeondolewa? Hyasinta akaandika: hayumo, hakuna haja, marehemu. Akasaini.

"Sista, hata kumwita?" Faustine aliuliza.

"Nimwite marehemu, mzee Faustine?"

"Kuita hakukaushi mate."

Hyasinta akacheka, akabana mkasi wa chuma, kufuli ikadondoka.

Beringi mpya ikawekwa. Ikafa siku ya pili. Akaweka nyingine, nayo ikafa siku ya pili. Beringi ya namna ile inaishi miaka. Alizipasua zote mbili mezani, akazitazama kwa kioo cha kukuzia, akakuta alama ndogo za nyundo kwa ndani, mahali ambapo nyundo haiwezi kufika. Aliandika daftarini, akafuta, akaandika tena.

Siku ya harufu, mchana, umeme ukakatika. Kiwanda kikinyamaza masikio huwa yanaendelea kuvuma, lakini baada ya muda hata kuvuma kukaisha, na ndipo wote wakasikia. Ndani ya presi kitu kiligonga chuma mara tatu. Kikatulia. Kikagonga mara tatu.

"Ni panya," alisema Hyasinta.

"Panya wa hapa wana nyundo?" Faustine alinong'ona. "Sista, fundi akiwa ndani akigonga tatu, anasema: nimo, msiwashe."

Hyasinta alielekeza kile kibastola kwenye chuma cha presi, iliyokuwa imezimwa tangu jana. Nguzo zilisoma nyuzi ishirini na tisa. Ukuta ulisoma ishirini na tisa. Sanduku la presi lilisoma thelathini na saba. Alipima tena, akasogea, akapima tena. Thelathini na saba, joto la mtu mzima asiye na homa.

Umeme uliporudi meneja alipiga simu kutoka ofisini, anataka marobota. Wakaweka beringi ya tatu, wakawasha. Mota iliunguruma, na chini ya muungurumo ule nyundo ikaanza kupigwa haraka haraka bila kuhesabu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba inayoungua, na mafundi wakageuza nyuso wakatazama pamba.

Hiyo nayo ilipokufa, aliingia kuitoa Faustine mwenyewe. Alifunga kufuli yake mbele ya macho ya Hyasinta, akaivuta mara mbili, akatia ufunguo mfukoni. Akiwa nusu ndani, Hyasinta alisikia mlio mdogo nyuma yake. Aligeuka. Kufuli ya Faustine ilikuwa imejifungua, inabembea, na swichi inapanda yenyewe pole pole kama inayosukumwa na kidole. Alimshika mzee miguu akamvuta. Bamba la presi likashuka, likabaki na kiatu cha kushoto.

Faustine alikaa sakafuni akitazama soksi yake.

"Ulikata moja," alisema. "Sasa hazishiki zote."

Omari wa stoo alikuwa ameleta maji. Yeye ndiye aliyewahi kumleta shehe kimya kimya, mara mbili, asome pale. "Dada," alisema, "hilo siyo jini. Jini ukimsomea anajibu, hata kama ni matusi. Huyu hajibu kitu. Huyu yuko kazini. Nenda kwa mama yake kabla hujaua mtu."

Kesho yake Hyasinta alishuka Nyamuswa. Mama Mugeta alikuwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta. Kwenye kamba shingoni, pamoja na rozari, alivaa ufunguo mdogo.

"Nilipewa pamoja na nguo zake," alisema alipoona macho ya mgeni. "Misimu miwili namuota anasema, Mama niwekee chakula, nachelewa. Nikawa naweka. Wiki hii haombi tena chakula. Anapiga kelele. Nani ameitoa kufuli?"

"Mimi, mama."

"Ulimwita?"

"Hapana."

"Alikuwa amefariki, ukaona hana masikio." Mama alipuliza makapi, yakamwangukia Hyasinta magotini. "Una mtoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Na wewe mtu akikuwashia moto huku uko jikoni unampikia huyo mtoto, utasemaje? Usinijibu. Ninyi mnajibu haraka sana. Niitie bodaboda."

Alasiri hiyo hiyo, siku ya Ijumaa, waliwatoa wafanyakazi wote nje ya geti. Mama Mugeta alisimama kwenye swichi, kufuli iliyokatwa kiganjani, ufunguo mkono wa pili. Hyasinta alifunga kufuli yake mwenyewe, yenye jina lake.

"Itashika?" mama aliuliza.

"Sijui."

"Basi ingia ukamwambie mwenyewe ulichomfanyia. Mimi nitashika hii swichi. Nikishindwa, nimeshindwa."

Aliingia kwa magoti, tochi ya simu mkononi, na ndani ya lile sanduku la chuma hapakuwa na nafasi ya kugeuza hata bega, pamba ya misimu iliyopita imeganda kwenye pembe kama ukungu, joto la chuma linapenya overoli yake kama joto la mtu uliyelala naye kitanda kimoja, na harufu ya kiazi ikazidi mpaka mate yakamjaa mdomoni, akaona aibu kusikia njaa mahali kama pale, na ndipo akasikia, si kwa mbali, si kama ndotoni, bali hapo hapo ubavuni mwake, mtu anahema anavyohema fundi aliyeinama kutwa nzima, na nyundo ikagusa chuma, moja, mbili, tatu, na tochi ikazima, na bega lenye jasho likaegemea bega lake likimwomba nafasi.

"Nani anawashawasha?" sauti ilinong'ona. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka. "Nimegonga mpaka mkono umekufa ganzi."

"Ni mimi, kaka Mugeta. Mhandisi. Nilikata kufuli yako bila kukuita."

"Ulijua nimo?"

"Sikuuliza."

"Mh." Kitambaa kilipangusa chuma gizani. "Mama yuko nje?"

"Ameshika swichi."

"Basi chakula kimepoa." Nyundo iliwekwa chini taratibu. "Lakini beringi haijakaa vizuri. Mimi siachagi kazi nusu. Nani atamaliza?"

"Mimi," alisema Hyasinta, haraka, kama anavyosaini. "Wewe toka. Nitamaliza mimi."

"Umesema?"

"Nimesema."

Bega likaondoka. Upepo mdogo ukampita usoni, na kule nje akamsikia mama akizungusha ufunguo ndani ya kufuli iliyokatwa, na kufuli ikalia tk, kama nzima. Mama alisema maneno machache kwa Kiikizu cha kwao, yale mzazi anayomwambia mtoto aliyechelewa kurudi, ya kugomba.

Hyasinta alipotoka alimkuta mama ameshafika getini. Alikaa nyuma kabisa ya bodaboda, juu ya chuma cha mizigo, ameacha nafasi ya mtu katikati.

"Mama, sogea mbele, utaanguka," dereva alisema.

"Tazama barabara wewe," alisema mama. Wakaondoka, na matairi yalikuwa yamebonyea.

Jumamosi asubuhi sanduku la presi lilisoma nyuzi ishirini na nne, sawa na nguzo, sawa na ukuta. Harufu hakuna. Watu walicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Hyasinta alienda kutoa kufuli yake ili wawashe, beringi aliyoahidi kuimaliza hakuigusa. Ufunguo uliingia. Ulizunguka. Kufuli haikufunguka. Alitia mafuta, akajaribu, akauzungusha mpaka kidole kikachubuka.

"Imekupenda," alisema Omari.

Simu ikaita. Alitoka uani kupokea, akasimama juani, juu yake hakuna kitu ila mbingu.

"Mama, unakuja leo?" Miriamu aliuliza.

"Nakuja. Jioni nipo hapo."

"Mbona unaongea kama uko kwenye pipa?"

"Niko nje, mwanangu."

"Hapana," mtoto alisema. "Mama, uko ndani ya nini? Nani anagonga?"

Hyasinta alishusha simu. Kupitia mlangoni alimwona Faustine, ametumwa na meneja, mkasi wa chuma mkononi na fomu kwapani, fomu ambayo tayari ilikuwa imesainiwa. Mwenye kufuli hayumo. Alikimbia. Mkasi ulikuwa umeshaibana kufuli yake alipoingiza kiganja chake katikati ya meno.

"Sista, nitakukata."

"Hujaita."

"Nimwite nani? Wewe si huyu hapa?"

"Fomu inasema uite kwa jina. Ita, mzee Faustine."

Faustine alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha. Aliweka mkasi chini. Akainama kwenye mlango wa presi, na harufu ya mafuta ya nazi ikamfikia puani kabla hajafungua mdomo. Alimtazama Hyasinta aliyesimama kando yake, akatazama gizani mle, akaita kwa sauti ndogo, kama anayeita jirani ambaye hataki kumwamsha.

"Sista Hyasinta. Umo?"

Walisubiri.

Ndani ya presi, bila haraka, mtu aligonga chuma mara tatu.