Mti Uliompa Mama Mgongo

Siku hiyo soko la hekalu la Kitano lilijaa mpaka ukitaka kujikuna unamkuna jirani. Miplamu imechanua, harufu yake inagombana na moshi wa mochi, zile keki za mchele za kuchoma, na baridi ya Februari hapa Kyoto mnaijua wenyewe, inaingia mpaka kwenye fizi. Mimi mochi zile sizipiti hivihivi hata leo, meno hakuna lakini nazing'ang'ania. Basi. Chizuru alikuwa anapita mbiombio, kitambaa cha manjano shingoni, aproni ya buluu bado kiunoni maana ametoroka jikoni, mara akajikwaa kwenye mizizi ya mti iliyoviringishwa kamba za mpunga. Mkono ukamdaka.

"Taratibu dada, huyo ni mtoto wangu unamkanyaga."

Kijana mrefu, viatu vya turubai vile vyenye kidole gumba peke yake, kucha zimejaa udongo. Anaitwa Sohei. Mbele yake amepanga miti ya momiji, ile ambayo majani yake huwaka rangi vuli, lakini sasa mitupu, haina hata jani.

"Kumbe unauza kuni?" Chizuru akamchokoza.

"Nauza Novemba. Wewe tu ndiyo umewahi."

Chizuru akacheka, halafu kicheko kikaisha. "Sasa mtu anachaguaje mti ambao hajaona majani yake?"

"Kama anavyochagua mume. Unaangalia matawi, yaliyobaki unaamini."

"Sitaki mume, nataka mti. Mama yangu kila vuli alikuwa anapanda mlima wa Takao kwenda kuangalia momiji. Sasa miguu imegoma, yuko kitandani. Na daktari nikimwuliza habari za mwakani anaangalia viatu vyake. Nataka vuli hii mlima umfuate mama nyumbani."

Sohei akaacha utani, akamwuliza jina. Akamwonyesha mti wenye gome jekundu. "Huu unapendeza sasa hivi, lakini vuli majani yake ni manjano. Ule pale mwembamba, uliopinda, mbegu yake ya mlimani. Unavumilia kivuli, ua mdogo unautosha. Na siku ukiwaka, Chizuru-san, utaweka mkono mdomoni."

Chizuru akauchagua uliopinda.

Mti ukabaki shambani kwa Sohei mpaka baridi kali ipungue, na kumbe hapo ndipo simu zilipoanza.

"Haloo, mgonjwa wako hajambo? Amekula?"

"Mti haujala, dada. Unakungoja."

"Mti au wewe?"

"Mti. Mimi nimekwisha kabisa."

Mwezi wa tatu Sohei akaja kuupanda. Ua wa kina Chizuru uko katikati ya nyumba, mdogo kama mkeka: huku chumba cha mama, kule dirisha la jikoni, ambako Chizuru anapika vyakula vya kuuza tangu alfajiri. Chizuru akaenda kupeleka vyakula vya wateja. Aliporudi mti umesimama, udongo umemwagiwa maji. Akautazama. Damu ikampanda kichwani.

Kila mti una uso na mgongo, hilo mtaani kwetu hata mtoto analijua. Uso unaelekezwa anapokaa mwenye nyumba. Huu uso wake ulikuwa unatazama jikoni.

"Sohei, nani anaumwa hapa? Mama au masufuria?"

Sohei akageukia chumba cha mama. Mlango uko wazi, mama amefumba macho kama amesinzia, kichwa kinakataa kidogo tu. Sohei akameza alichotaka kusema.

"Nimeupanda panapotakiwa."

"Umempa mama yangu mgongo! Ugeuze."

"Siugeuzi."

"Basi toka. Na hizo simu zako ukawapigie kuni wenzako."

Akainama, akatoka.

Mvua za Juni zikapita, joto likapita. Simu inalia kwenye rafu ya vikombe, Chizuru anaitazama kama inzi. Siku moja akaipokea.

"Unataka nini?"

"Kuuliza mgonjwa."

"Mama au mti?"

"Wote. Na wewe."

Akakata. Halafu akakatakata figili nyingi kuliko walizohitaji wateja.

Novemba, mchana umeanza kulegea, alikuwa palepale jikoni anakata figili akainua macho. Kisu kikasimama. Dirisha zima lilikuwa moto. Mti ule mwembamba umewaka kuanzia kileleni hadi chini, matawi yamelala juu ya matawi kama mikono inayopokea kitu. Sijui nisemeje. Mkono ulikwenda mdomoni wenyewe.

Kisha akakimbilia chumbani analia. "Mama, uzuri wote uko jikoni, wewe unaona mgongo!"

"Lala hapa," mama akasema.

"Mama…"

"Nimesema lala."

Akalala kwenye mkeka, kichwa kando ya kichwa cha mama. Jua lilikuwa linashuka juu ya paa la jikoni, linapenya kwenye majani kutokea upande wa pili. Kila jani kama kiganja cha mtoto mbele ya taa, mishipa unaiona. Ukuta mwekundu, blanketi jekundu, uso wa mama mwekundu kama wa msichana.

"Uso niliuomba mimi uelekee kwako," mama akasema. "Nikamwapisha asikwambie, maana ungekataa. Mimi momiji nimeangalia maisha yangu yote. Wewe tangu niugue unaangalia sinki. Nikiondoka, nani atakuangalia?"

Chizuru akampigia Sohei simu.

"Kwa nini uliniacha nikutukane?"

"Niliahidi."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Njoo."

Akaja mbio, nyasi kichwani, akasimama uani. Yule amezaliwa katikati ya momiji, baba yake na babu yake wote wa kazi hiyo, lakini alivua kofia.

"Vua viatu uingie," mama akaita, "unanizibia mwanga."

Akapiga magoti mlangoni. "Chizuru." Safari hii ile 'san' ya heshima aliiacha nje na viatu. "Mti huu unataka kupunguzwa matawi kila baridi. Naomba niwe nakuja."

"Kila baridi. Na masika atautunza nani?"

"Mimi."

"Na kiangazi?"

"Kijana, uliza vizuri," mama akasema. "Mimi sina muda wa misimu yote."

Sohei akaweka viganja kwenye mkeka. "Naomba nikae na wewe, Chizuru. Misimu yote."

Chizuru akavuta mto wa tatu, akauweka kando ya wake. "Lala hapa kwanza uone."

Akalala. Wakawa watatu, vichwa vimepangana.

"Sasa umekubali au…"

"Shh. Angalia."

Na chini ya wekundu ule vidole vya Chizuru vikatafuta vile vyenye udongo, vikavishika, mpaka mwanga ukatoka ukutani wenyewe.