Stempu Iliyong'atwa Kona

Mimi siogopi kitu, chui nimemfukuza kwa ndala, lakini hili la rafiki yangu mpanga barua lilininyima usingizi mwezi mzima. Alipostaafu posta, kazi yake ikawa kuangalia filamu za kale na kuwinda stempu. Barua ikionekana tu, anasimamisha picha. "Waone waongo hawa! Enzi hizo stempu hii haikuwepo!"

Mkewe aliondoka kwa hasira. "Nikikusamehe nitakuandikia," alisema. Akafia huko huko, barua haikuja. Stempu za shemeji yangu yule ungezijua kati ya milioni: alizibandika kichwa chini, na kila akilamba lazima ang'ate kona.

Basi mchana mmoja jamaa kafunga mapazia, chumba giza totoro, anaangalia filamu iliyotengenezwa kabla mkewe hajazaliwa. Mle kwenye filamu tarishi akabisha mlango, ngo, ngo, ngo, akatoa bahasha. Stempu kichwa chini. Kona imeng'atwa. Jamaa akasimamisha picha, lakini kubisha kukaendelea, ngo, ngo, mle mle kwenye televisheni.

"Mke wangu," akauliza, "umenisamehe?"

Kukanyamaza. Umeme ukakatika.

Alinipigia akilia kama mtoto, nami nikafika kabla hajakata simu. "Shemeji yako kaniandikia," akaniambia gizani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, umelala njaa wewe." Nikavuta pazia.

Televisheni ilikuwa imezima. Katikati ya kioo, kwa nje, palibandikwa stempu moja, kichwa chini, kona haipo. Nikaigusa kwa kidole.

Ilikuwa bado ina mate.