Nilienda Mbingu Kununua Spika ya Mume Wangu

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, mume wangu alinidanganya miaka thelathini na nane. Nimelijua hilo nikiwa nimesimama ugenini, pesa za mpunga nimezifunga kwenye pindo la kanga.

Nisomeni polepole. Shule yangu iliishia darasa la nne.

Mume wangu Kelestini alipiga gitaa kwenye bendi moja ya jazz, Kidatu. Alikuwa na spika yake, zile za zamani zenye taa za kioo ndani. Ukiwasha unangoja taa zipate moto, ndipo sauti inatoka, nene kama uji wa mchele.

Mwaka themanini na sita alirudi nyumbani bila hiyo spika.

"Nimeiuza, Tekla. Bendi imekufa."

Nililia naye. Kumbe nilikuwa nalilia uongo...

Mwaka huu kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na ulimi. Nikawaza, akiisikia ile spika labda atachangamka. Nikamuulizia fundi redio wetu hapa Ifakara, Fulgensi, akanionyesha picha kwenye simu.

"Bibi, hii niliitengeneza kule kijiji cha Mbingu. Ubavuni imeandikwa Kelestini."

Nikauza magunia mawili ya mpunga, nikapanda bodaboda.

Nilimkuta mama mmoja, Philomena, anapepeta mchele.

"Mama, nasikia una spika ya gitaa. Nimekuja kuinunua."

"Umeambiwa inauzwa?"

"Ni ya mume wangu. Aliiuza."

Akaweka ungo chini.

"Kelestini ndiye mumeo?"

"Ndiye."

"Basi kaa, dada yangu. Hii haikuuzwa. Ililetwa na washenga."

"Washenga wa nini?"

"Faini ya mimba yangu. Baba yangu alitaka mbuzi watatu, mwenzako hakuwa nao. Akaleta spika."

Jamani...

Mlangoni akatokea mwanamke wa makamo, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Sikuitika. Kidevu kilikuwa cha Kelestini, hata mtu asiyemjua angekitambua.

"Huyu ni Levina," Philomena akasema. "Faini ilimaliza maneno ya mimba tu. Mtoto hajakombolewa kwenda ukoo wa baba yake hadi leo. Baba aliacha neno: Kelestini akija kuichukua spika, amchukue na mwanawe."

"Kelestini hawezi kuja. Amelala, hasemi."

"Basi nenda na Levina akamwone. Spika beba bure."

Nikafungua pindo, nikaweka pesa juu ya mkeka.

"Mimi nimekuja kununua spika."

Levina akaibeba spika yeye mwenyewe, akaifunga kwa mpira nyuma ya bodaboda.

"Safari njema, mama. Msalimie."

Fulgensi akaiwasha kesho yake, pembeni ya kitanda. Taa zikaanza kuwa nyekundu. Fulgensi akachomeka gitaa alilokuja nalo, akagusa uzi mmoja, nyumba nzima ikajaa.

Kelestini akafumbua macho. Akaitazama spika, halafu akaiacha. Akatazama mlango. Akatazama tena mlango...

Akanyanyua mkono wa kushoto, usawa wa kitanda, vidole vikiangalia juu. Ndivyo tunavyoonyesha kimo cha mtoto. Machozi yakamtoka.

Nilimwelewa vizuri sana.

"Sijui unasema nini, baba," nikamwambia. "Lala."

Nilitaka aumie kidogo, kama nilivyoumia mimi. Nikajiambia Jumapili nitamwita binti. Alhamisi Kelestini akafariki.

Levina alikuja msibani na mama yake. Akachota maji, akaosha vyombo na wanangu. Siku ya kuanua tanga akanisogelea.

"Mama, baba aliwahi kuniulizia?"

Nikajifanya naitwa jikoni.

Wajukuu zangu, ukikosewa, kasirika, ni haki yako. Lakini hasira usiipe ufunguo wa mlango wa mgonjwa. Kelestini alinikosea mimi. Mimi nimemkosea mtu ambaye hakunikosea hata kwa neno.

Najua humu yumo, watoto wangu wameniambia.

Levina, mwanangu, marahaba. Alikuulizia.