Video Aliyoisoma Baba

Kila asubuhi mzee seremala alifungua karakana yake nyuma ya nyumba. Akiwasha msumeno wa umeme, hata vikombe vya jikoni vilitikisika. Watoto wa mtaa walimpachika jina la Mzee Eh, kwa kuwa kila ukimwambia jambo alijibu, "Eh?" Watu walicheka. Hata binti yake alicheka, ingawa yeye hakupaswa kucheka.

Binti huyo alisoma chuo kikuu. Utafiti wake ulihusu kelele za mashine na masikio ya wafanyakazi. Alizunguka viwandani akipima kelele na kuwahoji mafundi. Karakana ya baba yake hakuipima. Kinyozi hajinyoi.

Siku moja chuo kilimtaka kila mtafiti atengeneze video fupi, ajitambulishe na kueleza utafiti wake. Binti alivaa koti, akasimama mbele ya simu, akasoma karatasi yake. Kisha akampelekea jirani yao, Mama Picha, ambaye kazi yake ni kupiga video za harusi.

Mama Picha alitazama mpaka mwisho, akamrudishia simu.

"Vipi, mama?" binti akauliza.

"Umependeza, mwanangu. Lakini hiyo 'athari ya mfiduo wa kelele kwa usikivu' ndiyo nini?"

"Watu kuwa viziwi kwa sababu ya kelele za kazini."

"Si ungesema hivyo? Video fupi ni kama kubisha hodi. Sema wewe ni nani, unatafuta jibu la swali gani, na litamfaa nani. Basi. Karatasi weka chini. Tena usihutubie dunia nzima. Chagua mtu mmoja, umwambie yeye."

"Nimchague nani?"

Kule nyuma msumeno ukaanza kulia. Binti akachungulia dirishani. Baba yake alikuwa ameinamia ubao, masikio wazi.

"Mama, nimehoji mafundi wa watu miaka yote hii," akasema polepole. "Baba yangu sijamwuliza hata neno."

"Basi mtu wako umempata."

Walirekodi siku ya mapumziko, msumeno ukiwa umezimwa ili sauti isikike. Binti alisimama akitazama dirisha, mwanga ukampata usoni. Baadaye Mama Picha aliandika maneno yote chini ya picha.

"Kuna watu hawatakusikia," alisema. Binti alijua ni nani, na roho ikamuuma.

Jioni wakampa mzee simu. Alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo aliyasoma maneno ya chini polepole, midomo yake ikicheza:

"Mimi ni binti wa seremala. Natafiti jinsi kelele za mashine zinavyoharibu masikio. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Uliobaki unaweza kulindwa. Hivi ni vifuniko vya masikio. Vaa kabla ya kuwasha mashine. Baba, nilipaswa kukuambia wewe kwanza."

Mzee akarudia kusoma.

"Mimi nilidhani ni uzee," akasema.

"Nisamehe, baba."

"Eh?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Binti akasogea, akarudia karibu na sikio lake.

"Ungeniambia mapema, mwanangu," mzee akasema bila hasira. "Majuto ni mjukuu."

Daktari alimpima masikio, akasema yale yale ya kwenye video. Sasa mzee havui vifuniko mashine ikiwaka. Video imezunguka kwenye simu za mafundi wa mtaa, na vijana wanaoanza kazi wanavaa vifuniko tangu siku ya kwanza. Masikio yao ni mazima. Chuo nacho kiliipenda, ingawa binti alisahau hata kuuliza.

Mzee bado huitazama. Juzi alimwonyesha mkewe yale maneno ya mwisho.

"Hapa anasema kwa sauti gani?"

Mkewe akainama sikioni mwake. "Kama mtu anayetaka kulia."

Mzee akatikisa kichwa. Akavaa vifuniko vyake, akawasha msumeno.