Hata Mama Akikuita

Betri ya saa ya kompyuta ile Anastase aliing'oa kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa imeoza, imemwaga majimaji ya kijani juu ya ubao wa ndani, akaifunga kwenye gazeti akaitupa. Kompyuta ya zamani isiyo na betri haijui leo ni lini. Ukiiwasha inaanza kuhesabu upya tangu mwaka 1980. Fundi yeyote atakuambia hivyo. Basi nieleze wewe kwa nini ile ya mtawa wa parokia, masœur Thérèse, siku Anastase alipoiwasha, ilionyesha tarehe 21 Juni 1996, saa tisa na dakika kumi alasiri, na kesho yake ikaonyesha saa tisa na dakika kumi vilevile.

"Uzee tu," Anastase alijiambia. Fundi akianza kuogopa vyombo, atakula nini?

Mashine hiyo ilikuwa imefika nyumbani kwake mtaa wa Majengo, Goma, juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imefungwa kwa kamba pamoja na viazi. Ilikaa stoo ya parokia miaka ishirini na sita. Mwaka ule wa 1996, vita vya Masisi vilipowamwaga watu Goma, masista walikusanya watoto waliopotezana na wazazi wao, na kila mtoto aliandikwa humo. Karatasi zilikwisha kuliwa na mchwa. Disketi hazisomeki. Kilichobaki ni tundu moja nyuma ya mashine, la pini tisa, ambalo maneno yangeweza kupita kwa waya, herufi moja moja, hadi kwenye kompyuta mpya.

"Watu bado wanakuja kuniuliza," masœur Thérèse alimwambia. "Sasa na hawa wakimbizi wa Rutshuru wamejaa tena mjini, nao wanapoteza watoto, wale wa zamani wanakumbuka wa kwao. Nawajibu nini, Anastase?"

Anastase alikubali kabla sista hajamaliza kusema. Naye alikuwa na wa kwake: Umurerwa, mdogo wake, aliyekuwa na miaka mitano. Mama yao, Mukabalisa, mpaka leo akiulizwa ana watoto wangapi husema wawili, mmoja yuko njiani.

Kuna jambo Mukabalisa hakulijua. Siku ile ya kukimbia yeye alikuwa mbele, amembeba bibi mgonjwa mgongoni, na Anastase, kijana wa miaka kumi na minne, alikuwa nyuma amemshika Umurerwa mkono. Kwenye vizuizi vya barabarani mwaka ule, jina la Kinyarwanda peke yake lilitosha kukulaza mtaroni. Anastase akamfundisha mdogo wake: wewe sasa ni Masika. Ukiulizwa, Masika. Ukiitwa Umurerwa, usiitike. Hata mama akikuita, usiitike mpaka mimi nikuambie. Mtoto akacheka, akaona ni mchezo. Anastase akamfinya, akamfinya tena, mpaka akalia na akajua.

Karibu na Sake risasi zililia, mkono ukachomoka. Anastase alipigwa pajani, akalala hospitali miezi miwili. Alipotoka, mama yake alimwambia: "Nilifika kwa masista. Wagonjwa wa kolera walikuwa ndani ya hema, sisi wametuweka nje ya kamba. Nikaita Umurerwa mara tatu, kwa nguvu zangu zote. Hakuna aliyeitika."

Anastase alifungua mdomo, akaufunga. Alikimbilia kule kwa kuchechemea, akakuta mahema yamekwisha kung'olewa. Tangu siku hiyo mdomo wake ukabaki umefungwa.

Sasa mnaelewa kwa nini kazi ile aliifanya taratibu kama mwanafunzi. Alibadilisha kapasita zilizovimba, akalehemu upya tundu lililolegea, akaunga waya kati ya mashine mbili. Hakuna kilichopita. Akapima, akaona kosa: zote mbili zilikuwa zinasemea kwenye waya uleule, na zote mbili zinasikilizia kwenye waya usio na msemaji. Akazikata nyaya mbili, akazipishanisha. Papo hapo kompyuta mpya ikaanza kujaa herufi, ila zilikuwa takataka tupu, nyota na mabano na alama zisizosomeka.

Ndipo harufu ikaingia. Chokaa mbichi, ile wanayomwaga juu ya maiti wa kolera, na chini yake harufu ya matapishi ya mtoto.

Mukabalisa alikuwa nyuma ya pazia anachambua maharage. "Anastase, uliingiza mutoto wa nani?"

"Hakuna mutoto, mama."

"Nasikia miguu. Miguu yenye maji." Akapaza sauti. "Ni nani pale?"

Miguu ikasimama. Haikukimbia, mnasikia? Ilisimama. Anastase naye sasa aliisikia pumzi, fupi fupi, ya mtu mdogo anayejizuia.

"Iko palepale," mama yake alinong'ona, akija kumshika shati. "Inasimama tu. Namuuliza, hanijibu. Yesu wangu, kwa nini hanijibu?"

Anastase hakutaka kujua. Alishika kazi, maana kazi angalau aliielewa: alishusha kasi ya mashine mpya ilingane na ya ile kuukuu, na herufi zikanyooka. Namba 1, jina, umri, alikotoka. Namba 2. Aliomba kimoyomoyo jina la Umurerwa lisiwemo, na lile jingine, Mungu akipenda, lisiwemo pia. Mia moja. Mia tatu. Zilipofika 417 zikagoma, 417 MASIKA, halafu mstari uleule tena, 417 MASIKA, 417 MASIKA, ukishuka chini ya kioo bila kupumzika, naye akaruka akauchomoa waya kwenye tundu, akarudi nyuma nao hadi ukutani, akautazama ulivyoning'inia mkononi mwake ukiwa haujashikana na chochote, na kwenye kioo mistari ikazidi kushuka, na ile miguu yenye maji ikatoka nyuma ya pazia ikaja taratibu ikasimama mbele yake, karibu kiasi kwamba ubaridi wake aliusikia magotini.

Mukabalisa alitoka mbio kumwita Papa Gauthier, mwombeaji wa chumba cha maombi, nyumba ya tatu kutoka pale. Papa Gauthier alikuja na chumvi, maji ya baraka na sauti yake nene. Kazi yake ina desturi moja: pepo lazima kwanza litaje jina, ndipo lifukuzwe kwa jina hilo.

"Sema jina lako!" akaunguruma. "Wewe ni nani katika nyumba hii?"

Kioo kikatulia. Kikaandika neno moja.

"Linasema nini?" Mukabalisa aliuliza. Hakujua kusoma.

"Masika," Anastase alisema.

"Masika?" Mama alipumua, kama mtu aliyepata nafuu. "Lakini ile ni jina la Wanande. Hapa hatuna Masika. Kumbe ni wa watu wengine, alipotea tu."

"Mufukuze wewe mwenyewe, mama," Papa Gauthier akamwambia. "Nyumba ni yako."

Jamani, palikuwa na nafasi pale. Pumzi moja ingetosha. Anastase alifungua mdomo kama alivyoufungua mwaka 1996, na ulimi ukakataa kama mwaka 1996.

"Masika," Mukabalisa alisema, wala si kwa ukali, "hapa hapana kwenu. Mimi si mama yako. Toka, mwana wangu, enda kwa mama yako."

Miguu ikageuka. Komeo la mlango likajiinua. Kwenye sakafu zikabaki nyayo nyeupe za chokaa, ndogo, vidole vyote vitano vinaonekana, zikaenda hadi kizingitini.

Papa Gauthier akaimba aleluya. Nyuma yake kioo kikaandika mistari iliyobaki ya namba 417, kwa Kifaransa cha mtu mwenye haraka. Anastase akaisoma kimya. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake akamsomea kwa Kiswahili, machozi yakimwingia mdomoni.

"Msichana, karibu miaka mitano. Kolera. Anasema anaitwa Masika, zaidi ya hapo hasemi. Tarehe 21, saa tisa na dakika kumi, mama mmoja ameita nje Umurerwa, mara tatu. Mtoto amegeukia sauti, ameziba mdomo wake kwa mikono miwili. Hakuitika. Amefariki jioni."

Mukabalisa hakumpiga. Heri angempiga. Alitoka nje pekupeku juu ya mawe meusi ya volkano.

"Umurerwa! Umurerwa wee! Ni miye mama yako!"

Watu waligeuka. Hakuna aliyeitika.

"Mbona haitiki?"

"Nilimukataza, mama. Njiani. Nilimufinya."

"Basi mwite vile ulimwita."

Anastase akaita Masika mpaka sauti ikakauka. Mukabalisa alikuwa amerudi, amekaa kizingitini, kiganja chake kimefunika unyayo mmoja mweupe.

"Masika hawezi kurudi," alisema. "Masika nimemufukuza mimi."

Orodha ilifika kwa masœur Thérèse, na wapo waliopata wa kwao. Mashine imezimwa. Siku ya nane, jirani yao Mama Élodie alipita na ndoo yake kichwani, akasimama kuwasalimu.

"Mama Mukabalisa, mutaani kuna mutoto wa nani mwenye miguu ya chokaa? Jana saa tisa alisimama mulangoni kwangu. Namuuliza jina, anasema Masika. Anatafuta kwa mama yake. Nikamwambia hapa hapana, aende mbele."

Mukabalisa alishika ukuta. "Akaenda?"

"Akaenda papo hapo, mama. Mutoto wa heshima ule. Hakubisha."