Nyumba Hii Inauzwa na Mwenyewe

“Mkishahama nyinyi wawili, huyu wa tatu mnamwacha na nani?”

Kimanzi, broka aliyeitwa kuiuza nyumba, aliuliza hivyo saa nane mchana, jua limekaa juu ya mabati ya mtaa wa Lindi, Nairobi, kama sufuria juu ya makaa. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma, viatu vyake mkononi, na hakuna aliyekuwa amemwambia avivue. Zeinabu, mwenye nyumba, aliinamisha macho akaanza kuifungua na kuifunga bandeji ya mguu wake kama aliyepoteza sindano humo. Fahima, bintiye, alicheka.

Alicheka kwa sababu alidhani anaujua mchezo. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, kwenye timu ya mdahalo, na hoja za kutisha watu alizitambua hata zikija zimejifunika buibui. Broka akija kukuangalizia nyumba hakwambii ni nzuri, hata siku moja. Anagonga ukuta, anasikiliza, anatikisa kichwa. Udongo umechoka, anasema. Paa linavuja, choo kiko mbali. Akiishiwa na kasoro anaziumba, na huyu alikuwa amefika mpaka kwa mizimu! Leo anakutisha, kesho anateremsha bei, kesho kutwa anamleta mnunuzi ambaye kumbe ni shemeji yake.

“Wa tatu ni nani, mzee Kimanzi? Panya?”

“Sijasema panya.”

“Basi andika kwa kitabu yako: vyumba vitatu, ua moja, wakaaji wawili. Na vitisho havipunguzi bei.”

Kimanzi hakukasirika. Alikwenda kuvaa viatu vyake nje kabisa ya ua, akasema wakimtaka yuko Kawangware, nyuma ya wauza mitumba, akaondoka bila kuomba hata nauli. Broka kuondoka bila kuomba nauli! Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu yeyote wa Nairobi, lakini Fahima alikuwa bado anafurahia jibu lake.

“Mama, tunauza wenyewe,” alisema. “Umezaliwa ndani ya hii nyumba. Mbona mtu mwingine alipwe kusema huu ni mlango, hili ni dirisha?”

“Broka halipwi kwa kusema mlango.”

“Analipwa ya nini basi?”

Zeinabu aliomba maji ya kunywa.

Haraka yao ilikuwa ule mguu. Sukari ilikuwa imemtoboa Zeinabu kidonda kisichotaka kufunga, na kutoka kwao hadi barabarani ni mteremko, mitaro na mawe ya kurukia. Mvua ikinyesha alibebwa mgongoni kama mtoto. Daktari alikuwa amesema waziwazi: mguu huu ukiendelea kulowa maji ya mitaro, utakatwa. Huko Kawangware, mzee mmoja aitwaye Gichuru alikuwa anauza vyumba viwili vya chini, hatua kumi kutoka kliniki, na alikubali kuwangojea hadi mwisho wa mwezi. Hakuongeza hata siku moja.

Kwa hiyo Fahima alipiga picha, akazituma kwenye magrupu ya simu, kisha akachukua rangi nyekundu na kuandika ukutani, herufi kubwa, apendaye na asiyependa asome: NYUMBA INAUZWA NA MWENYEWE. BROKA KAENI MBALI.

Wa kwanza kuja alikuwa Wakoli, fundi wa milango, mtu wa maneno machache. Alipima sebule kwa futi yake ya chuma, akapima chumba cha kulala, akaingia cha nyuma peke yake. Chumba kile mtu mwenye mikono mirefu angegusa kuta zote mbili kwa mpigo. Fahima, aliyebaki sebuleni, aliusikia utepe wa futi ukivutwa. Ukavutwa. Ukaendelea kuvutwa. Halafu akamsikia Wakoli akiongea, kwa sauti ndogo ya adabu, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakiwa wanaswali.

Alipotoka futi ilikuwa inaburuta nyuma yake sakafuni.

“Dada, hii futi ni mita tano,” alisema. “Imeisha kabla sijafika kwa ukuta.”

“Imeharibika.”

“Sawa. Imeharibika.” Akaikunja taratibu. “Lakini mngesema kuna mtu. Si vizuri kupima nyumba ya mtu akikuangalia.”

Fahima aliingia mara moja kuhakiki. Mkeka ulikuwa mahali pake, masanduku ya nyanya yake ukutani, na kile kikombe cha kahawa ambacho mama yake hukiweka pale kila Ijumaa. Tangu utotoni aliambiwa ni sadaka ya marehemu, naye hakuwahi kuuliza marehemu yupi. Alihesabu hatua. Tatu, ukuta. Akatoka akisonya. Lakini alipokuwa anafunga mlango alinusa kitu ambacho hakina kazi Lindi: majani yaliyooza, magome yaliyolowa, harufu nzito ya mahali penye miti mingi na jua haliingii.

Siku mbili baadaye alikuja Kageha, muuza chapati wa mtaa wa Laini Saba, na huyu alikuwa mnunuzi wa kweli. Zeinabu alikuwa amepelekwa kliniki kwa boda boda. Kageha alipiga kuta makofi kama mtu anayechagua tikitimaji, akacheka, akasema nyumba za Wanubi kama wao zimelewa harusi, hata redio hazihitaji. Simu ya Fahima ililia. Alikuwa Gichuru, akikumbusha tarehe. Alipomaliza kumbembeleza, Kageha alikuwa tayari anatoka chumba cha nyuma, anatabasamu, kikombe mkononi.

“Mama yako ana roho safi, wallahi. Mimi si wa dini yenu lakini wacha tu niape.”

“Mama yangu?”

“Huyo mzee kwa mkeka. Amenimiminia kahawa kabla hata sijasema hodi.” Kageha akashusha sauti, kama wanawake wanaopatana bei. “Amesema nyumba nichukue, hana ubaya. Ila yeye hahami. Na hawezi kukaa peke yake, kwa hivyo Zeinabu atabaki kumwangalia. Ati mmeshaelewana. Mimi sina shida, shosho wawili, wamama wazee, wanakula nini kwani?”

Fahima alitazama kinywa cha Kageha. Kilikuwa kimezungukwa na mstari mwekundu. Ndani ya kikombe hamkuwa na kahawa, mlikuwa na udongo mbichi uliokorogwa maji, na jani moja jeusi likielea.

“Zeinabu ndiye mama yangu,” alisema polepole. “Hayuko hapa. Ako kliniki tangu asubuhi.”

Kageha hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kama anayemlaza mtoto wa watu, akajipangusa midomo, akaangalia kiganja chake, akaenda kinyumenyume hadi nje ya ua bila kuupa ule mlango mgongo.

Zeinabu alirudi alasiri. Alikuja kwa miguu yake, bila fimbo, akishuka ule mteremko wepesi kama msichana anayetumwa dukani.

“Mama! Boda iko wapi?”

“Hauumi tena,” Zeinabu alisema. “Nimefika tu kwenye foleni, ukaacha kuuma, nikarudi.”

Fahima alimkalisha, akafungua bandeji. Kidonda kilikuwa kimezibwa. Udongo mwekundu ulikuwa umeshindiliwa ndani yake hadi usawa wa ngozi, ukapigwa laini, kama fundi anavyomaliza ukuta kwa mwiko.

“Nani amekufanyia hivi?” alinong’ona. Hakujua kwa nini ananong’ona.

“Mimi nimezaliwa nimemkuta, Fahima.” Mama yake naye alinong’ona. “Nyanya yako alinionya, nyumba waliijenga wenyewe, lakini huyu alikuwa hapa kabla yao. Usimwage maji moto chumba kile, usimnyime kahawa yake, basi, mtakaa. Na tumekaa. Sasa ameona watu wanaingia na kutoka, wanapima.” Akavuta godoro lake kuelekea chumba cha nyuma. “Wewe nenda Kawangware, mama. Soma. Mimi nimeambiwa nibaki.”

“Umeambiwa na nani? Mama, mguu utaoza!”

“Hauumi,” alisema Zeinabu, akafunga mlango.

Kulipopambazuka mlango ule ulikuwa haufunguki. Haukuwa na kufuli, haukuwa na komeo. Fahima alisukuma kwa bega, akapiga, akaita, na kutoka ndani mama yake alijibu kwa upole, “Nipo,” lakini sauti ilitoka mbali, ng’ambo ya mita nyingi mno.

Alimkuta Kimanzi Kawangware, chini ya mwavuli, mbele yake meza ndogo na funguo za nyumba za watu.

“Umekuja kunipa kazi?”

“Nimekuja unifukuzie kile kitu.”

“Mimi si mganga, madam. Mimi ni broka.”

“Basi fanya hiyo ubroka yako! Chukua asilimia unayotaka!” Watu waligeuka. Fahima akashusha sauti. “Mama yangu ako ndani.”

Kimanzi alisogeza funguo pembeni. Hakufurahia kwamba alikuwa amesema kweli, na hilo lilimuumiza Fahima zaidi.

“Nyumba za zamani kama yenu,” alisema, “kabla sijaonyesha mtu yeyote, naingia peke yangu, miguu tupu, nauliza. Akikataa, naiacha. Nimeacha nne. Mimi ni mgeni, hana pahali pa kunishika. Nyinyi mmelelewa mikononi mwake. Broka anabeba maneno kati ya watu ambao hawafai kuonana bado, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wewe ukaifanya bila kujua iko. Ukamletea wanunuzi hadi kwa mkeka wake, bila hodi.”

“Sasa nenda umwambie.”

“Sasa mmeonana. Siwezi kusimama katikati ya watu walioonana. Nitakusindikiza mpaka mlangoni, na hapo ni wewe.” Alisimama, akafunga mwavuli. “Na unisikize. Wewe unapenda kushinda. Usishinde.”

Walifika mchana uleule mkali. Fahima alivua viatu, akabisha hodi kwa mara ya kwanza maishani mwake kwenye mlango ule, nao ukafunguka kabla hajaugusa mara ya pili. Kimanzi alibaki mlangoni, na kila hatua aliyopiga Fahima, ya tatu, ya nne, ya kumi, redio za majirani zilififia, nyundo ya fundi wa mabati ikafifia, watoto waliokuwa wakicheza uani wakafifia, hadi akawa anasikia matone tu, matone ya maji yakidondoka kutoka jani hadi jani mahali ambapo hapakuwa na jani, na mbele kabisa, kwenye godoro, akamwona mama yake ameketi, udongo umempanda hadi kiunoni, kichwa kimelazwa kwenye mapaja ya mtu ambaye mapaja yake yaliendelea na kuendelea gizani bila kufika kwenye goti.

“Mwache,” Fahima alisema. “Hii nyumba ni yetu.”

“Hati iko wapi?” Sauti ilitoka kinywani mwa Zeinabu, lakini macho ya Zeinabu yalikuwa yamefumbwa.

Hasira ilimpanda, ile hasira yake ya jukwaani, na maneno yakamjia yamepangika. “Hatuhitaji hati! Wazee wetu waliletwa hapa wakiwa askari, wakapigana vita visivyokuwa vyao, wakaambiwa kaeni. Tumezaa hapa, tumezika hapa. Zaidi ya miaka mia, na kila serikali inatuita wageni. Aliyekaa mahali ndiye mwenyewe!”

“Kulikuwa msitu,” ilisema ile sauti. “Nilikuwa nimekaa. Walipofyeka, waliniuliza?”

Udongo ukapanda kidole kimoja. Fahima hakuuona.

“Huwezi kumwadhibu mtu kwa kosa la babu ya babu yake. Hiyo si haki, hiyo ni kisasi!”

“Wewe ulileta watu wakanipime. Uliniuliza?”

Sasa aliuona. Ulikuwa umefika kifuani, mwekundu, laini, umesawazishwa vizuri, na akaelewa kwamba ulikuwa unapanda kwa kila hoja yake, kwamba kila mara alipokuwa anakaribia kushinda mama yake alikuwa anashuka, na bado ulimi wake ulikuwa na hoja mbili nyingine, nzuri, kali, hoja ambazo hakuna jaji angezikataa, zimekaa tayari nyuma ya meno, na udongo ulikuwa umeanza kugusa shingo, na matone yale yalikuwa yamekoma, kama vile msitu mzima ulikuwa umenyamaza kumsikiliza atasema nini.

Akazimeza. Zilimkwaruza kooni kama miiba ya samaki.

Akapiga magoti, viganja vyake akavilaza juu ya sakafu baridi.

“Bibi,” alisema, “hatukuwahi kukuomba kitu, tulichukua tu. Leo naomba. Niachie mama yangu.”

Tone moja likadondoka kutoka jani hadi jani, na udongo shingoni mwa Zeinabu ukashuka kidole kimoja.